Kamba Nzuri, Mfugo Salama: Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Kamba za Mifugo na za Nyumbani

UTANGULIZI

Mfugaji anaponunua dawa huuliza bei, huangalia tarehe ya kuisha muda na huuliza kipimo. Anaponunua jembe huligonga kwa kucha asikie mlio wake. Lakini kamba huichukua tu, mara nyingi ile ya bei ya chini kabisa, akaikunja na kuondoka.

Kamba hiyo ndiyo itakayomshika dume siku ya chanjo. Ndiyo itakayomvuta ndama anapokwama kwenye uzazi, na ndiyo itakayofunga madumu ya maji mgongoni mwa punda. Itashikwa na watoto wanaochunga na akina mama wanaoteka maji kisimani. Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kuchagua kamba kulingana na kazi yake, kuipima kabla ya kulipa, na kuitunza idumu.

HASARA TATU ZA KAMBA MBAYA

Kamba mbaya hufanya mambo matatu: hukatika, hukata, na huliwa.

1. Hukatika. Ng'ombe wetu wa asili mwenye uzito wa kilo 250 hadi 300 akiruka, huivuta kamba kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake. Kamba ikikatika, mnyama hukimbia na aliyemshika huanguka. Kipande kilichokatika hurudi kwa kasi na kinaweza kumpiga mtu usoni.

2. Hukata. Kamba nyembamba na ngumu huingia kwenye ngozi ya shingo au mguu. Kidonda huanza kidogo chini ya manyoya, nzi hutaga mayai, funza huingia. Mnyama huchechemea, hushindwa kufuata kundi malishoni na hukonda. Hata akipona, kovu hubaki na ngozi hushuka thamani.

3. Huliwa. Wakati wa kiangazi, malisho yanapokauka na mwili wa mnyama kukosa madini, ng'ombe hutafuna mifupa, mifuko na vipande vya kamba. Kamba ya plastiki haisagiki tumboni. Hujikusanya na kuwa donge, mnyama hupoteza hamu ya kula, hujaa gesi mara kwa mara na kudhoofika. Hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha donge hilo. Tiba ni upasuaji wa kufungua tumbo, na wengi hufa kabla ya kufikia hapo.

FAHAMU AINA ZA KAMBA

Kamba ya katani. Hutokana na mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na kuanza kulimwa upande wa Tanga. Leo wengi wetu tunao mkonge kwenye mipaka ya mashamba. Kamba hii haitelezi mkononi, fundo lake hushika vizuri na jua haliiharibu haraka. Udhaifu wake ni unyevu: ikilowa na kuachwa chini, huoza kuanzia ndani. Pia kamba mpya ina miiba midogo inayokwaruza ngozi. Isugue kwa kitambaa, au ivute mara kadhaa kwenye gogo laini kabla ya kumfunga mnyama.

Kamba ya plastiki. Ni nyepesi, ina rangi nyingi na bei nafuu. Haiozi kwa maji, hivyo inafaa kuvutia ndoo kisimani. Adui yake ni jua. Kamba inayoachwa juani kwa miezi mingi, kama ilivyo kwenye maboma yetu wakati wa kiangazi, huwa kavu na kutoa unga, kisha hukatika bila kutoa dalili nyingine. Pia huteleza, na fundo lake hufunguka lenyewe lisipokazwa vizuri.

Kamba ya nailoni. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazopatikana kwa urahisi. Nailoni mpya ya unene uleule hubeba takribani mara mbili na nusu hadi tatu ya katani. Hunyumbuka, kwa hiyo mnyama akiruka haimshtui sana. Lakini kwa sababu hunyumbuka, ikikatika hurudi kwa nguvu. Usisimame kwenye mstari wa kamba ya nailoni iliyovutwa.

Sokoni wengi huziita kamba za plastiki na za nailoni kwa jina moja la manila. Jina hilo halikuambii ni ipi. Ipime mwenyewe kama inavyoelezwa hapa chini.

Kamba ya pamba. Ni laini kwenye ngozi. Inafaa kwa hatamu, kwa ndama wadogo na kwa kuzalishia. Huoza haraka ikikaa na unyevu.

Kamba za magome na za ngozi. Gome la mbuyu na ukanda wa ngozi ya ng'ombe vimetumika mkoani kwetu tangu enzi za mababu, na bado vinafaa kwa kazi nyingi za nyumbani. Ukanda wa ngozi upakwe mafuta mara kwa mara usikauke na kupasuka. Ngozi ya mnyama aliyekufa ghafla isitumike kabisa, maana huenda alikufa kwa kimeta.

Kamba ya parachuti. Ni kamba nyembamba ya nailoni, kama milimita 4, iliyofumwa nje kama soksi na kuwa na nyuzi ndani. Ilitengenezwa kwa ajili ya miavuli ya wanajeshi wa anga, na sasa vijana huisuka bangili, mikanda na vishikio vya funguo. Iliyo halisi, ile inayotumika zaidi, ina nyuzi 7 hadi 9 ndani na hubeba takribani kilo 250. Inafaa kufungia turubai, kuanikia nguo, kutengeneza mikanda ya vibuyu na kusuka kola pana ya ndama. Haifai kumfungia ng'ombe ikiwa uzi mmoja. Ni nyembamba mno, itamkata, na nguvu yake haitoshi mnyama mzima akiruka.

MAJARIBIO MATANO KABLA YA KULIPA

1. Angalia ilipokuwa imetundikwa. Rola iliyoning'inizwa nje ya duka kwa miezi imeshapigwa na jua. Ukiona upande wa nje umepauka kuliko wa ndani, omba rola nyingine.

2. Fungua msokoto. Kamba nzuri ya kusokotwa ina nyuzi kubwa tatu zinazolingana unene, zimekazwa sawasawa. Ndani yake nyuzi ndogo ziwe ndefu na safi. Ukiona vipande vifupi, rangi tofauti au takataka katikati, hiyo imejazwa mabaki. Kwa kamba ya parachuti, vuta nyuzi za ndani uzihesabu. Nyingine za bandia huwa na sufi tupu.

3. Ikunje na uikwaruze kwa kucha. Ikitoa unga au kulia kama majani makavu, iache.

4. Itie kwenye maji. Omba kipande kidogo, kitie kwenye kikombe na ukibonyeze mpaka kilowe. Plastiki huelea, nailoni huzama. Hivyo hutalipa bei ya nailoni kwa kununua plastiki.

5. Ichome ncha. Fanya hivi nje, mbali na bidhaa na watoto. Katani na pamba huungua na kuacha majivu. Nailoni na plastiki huyeyuka na kuwa gololi ngumu. Usiiguse ikiwa ya moto, hushika kwenye ngozi na kuunguza vibaya.

UNENE NA UREFU KWA KILA KAZI

Ng'ombe mkubwa na maksai: unene wa milimita 12 hadi 16, sawa na kidole kidogo cha mtu mzima au zaidi kidogo.

Ndama, mbuzi na kondoo: milimita 8 hadi 10, iliyo laini. Wakifungwa malishoni, kamba iwe mbali na vichaka na visiki wasijizungushe. Mnyama aliyefungwa aangaliwe mara kwa mara, ahamishwe kivulini na apewe maji.

Kumlaza ng'ombe kwa matibabu: kamba imara ya mita 10 hadi 12 isiyo na fundo katikati. Ng'ombe mwenye mimba kubwa asilazwe kwa kamba bila mtaalamu.

Shemere ya maksai: kamba laini, isiyo na nundu wala ncha iliyochomwa inayogusa pua. Ikianza kuwa ngumu kwa jasho na vumbi, ibadilishe.

Mizigo ya punda: usipitishe kamba nyembamba moja kwa moja tumboni au chini ya mkia. Weka mkanda mpana wa turubai au gunia lililokunjwa, kamba ikaze juu yake. Vidonda vingi vya punda wanaobeba maji huanzia hapo.

MAFUNDO MAWILI YA KUJUA

Fundo hupunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine karibu nusu. Ndiyo maana kamba yenye mafundo mengi ya kuungia haifai kumshika mnyama mkubwa.

Kitanzi kisichokaza. Hiki ndicho cha shingoni. Tengeneza tundu dogo kwenye kamba. Zungusha ncha shingoni mwa mnyama, ipandishe ndani ya tundu kutoka chini, ipitishe nyuma ya kamba ndefu, kisha irudishe chini ndani ya tundu lilelile. Kaza. Mikono miwili iingie kati ya kamba na shingo. Kitanzi kinachoteleza kisiwekwe shingoni kamwe. Mnyama akivuta hujinyonga mwenyewe.

Fundo la kuvuta. Hili ni la kwenye nguzo. Badala ya kupitisha ncha yote, pitisha mkunjo. Ng'ombe akianguka au moto ukitokea, unavuta ncha na fundo linafunguka mara moja. Mfundishe kila mtoto anayechunga.

KAMBA YA KUZALISHIA

Weka nyumbani kamba mbili za pamba au nailoni laini, kila moja mita 1.5, zenye kitanzi upande mmoja. Zichemshe, zikaushe na zihifadhi kwenye mfuko safi. Zisitumike kwa kazi nyingine yoyote.

Ng'ombe akikwama, mwite mtaalamu wa mifugo mapema. Vaa glavu, kwani ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu. Kitanzi kikae juu ya kifundo cha mguu wa ndama, kisiwe kwenye kwato. Hakikisha kwanza kichwa na miguu yote miwili ya mbele vimekaa sawa. Vuta wakati mama anaposukuma, pumzika anapopumzika. Watu wawili wanatosha. Kamwe usifunge kamba kwenye maksai au pikipiki ili kuvuta. Utavunja miguu ya ndama na kumpasua mama, na unaweza kuwapoteza wote wawili.

UTUNZAJI

Kausha kamba kivulini, ikunje na uitundike ndani, mbali na jua, panya na chumvi. Kagua kamba zote mara moja kwa wiki. Kata sehemu iliyochakaa usiiunge kwa kazi nzito.

Kamba iliyomshika mnyama mgonjwa isimfunge mwenzake kabla ya kuoshwa. Ugonjwa wa miguu na midomo hubebwa na kamba kutoka boma moja hadi jingine. Kamba ya mnyama anayedhaniwa kufa kwa kimeta isioshwe. Usimpasue mnyama huyo. Toa taarifa haraka, na kamba iteketezwe pamoja naye kwa maelekezo ya mtaalamu.

Vipande vya plastiki na nailoni viokotwe vyote, hata kile cha urefu wa kidole. Mpe kila mtoto kazi ya kuokota jioni mifugo ikirudi zizini. Weka pia jiwe la chumvi lenye madini, ili mifugo ipunguze kutafuna vitu visivyo chakula.

Ng'ombe akipata kidonda cha kamba, legeza au ondoa kamba siku hiyohiyo, osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na muone mtaalamu kama kuna funza au usaha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na kumwacha na kamba iliyozama kwenye nyama ni kumtesa.

KUMBUKA

Kamba haikatiki siku ya mapumziko. Hukatika siku ya chanjo, siku ya kuzaa, siku ya mnada, pale unapoihitaji zaidi. Kabla ya kulipa jiulize: Itakatika? Itakata? Italiwa? Kama jibu la swali lolote ni ndiyo, rudisha kamba hiyo kwa muuzaji na uombe nyingine.

Kwa maelezo zaidi, muone Afisa Mifugo wa kata yako.