Mafunzo Niliyopata kwenye Meza ya Karani wa Mahudhurio

Mimi ni mtu wa Daudi, Mbulu. Mvua zikisumbua au ada ikikosekana, njia za vijana wa kwetu zinajulikana: kahawa ya Karatu na Oldeani, vitunguu vya Mang'ola, au nyumba za watu Babati na Arusha. Mimi niliangukia kwenye kahawa. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikatolewa kwenye jembe na kuwekwa mezani, karani wa mahudhurio. Shamba silitaji, na mwenye shamba hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Niliporudi nyumbani watu wakaanza kuniletea karatasi zao za kazi, au, mara nyingi zaidi, kuniambia kwamba karatasi hawana. Haya ndiyo niliyoyapata huko na huku.

1. Kazi inayoletwa na ndugu huja bila bei

Kwetu binti hapati kazi kwa tangazo. Shangazi anakuja Krismasi kutoka Arusha, na siku ya kuondoka anamwambia wifi yake: "Huyu niachie, atanisaidia watoto. Na mimi nitamwangalia." Mama anashukuru. Kuuliza ni shilingi ngapi kwa mwezi ni sawa na kumwambia wifi usoni kwamba humwamini. Binti anapanda basi, na mkataba wake wote ni hilo "nitamwangalia".

Nimezungumza na mabinti kadhaa waliorudi. Wapo waliopigwa, na hao habari zao husambaa haraka. Wengi hawakupigwa wala hawakulala njaa. Waliamka kabla ya watu wote, wakalala baada ya watu wote, mwaka ukaisha wakarudishwa na vitenge viwili na nauli. Sheria inasema wiki ya kazi ya kawaida isizidi saa 45. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Iliyoanza Januari 2023 ikafanya 60,000, na 120,000 kwa anayelala kwake. Ni fedha ndogo, nakubali. Lakini vitenge viwili kwa mwaka si malipo hata kwa hesabu hiyo ndogo. Na mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, hata na shangazi.

Siku hizi ukoo ukikaa kumuaga binti, bei naiuliza mimi, kwa sababu mama yake hawezi. Nimezoea kuitwa mtu asiye na adabu.

2. Daftari likiwa moja, ni la tajiri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko nilikolipwa mshahara.

Palizi shambani hupimwa kwa ngwe. Uvunaji hupimwa kwa debe. Mtu akimaliza ngwe anawekewa tiki ya siku. Akijaza debe linaandikwa. Ukitazama kwa mbali ni mpango wa haki kabisa. Ukikaa mezani unaona mengine. Debe la mnyapara hujaa likiwa na kichuguu juu, la mkaguzi wa ofisini hujaa likiwa sawasawa na ukingo. Mvua ikianza saa tano na ngwe imebaki mistari miwili, siku nzima inaandikwa sifuri, na kesho yake ile mistari miwili inamaliziwa bure. Mama aliyekwenda kliniki na kurudi saa nne anakuta ngwe yake imepewa mtu mwingine.

Nilidhani wanyapara ni wezi. Nilipokaa muda nikaelewa kinachowasukuma: fedha za wiki zilikuwa zimeshaombwa mjini tangu siku za mwanzo, kwa makadirio. Tiki zikizidi fedha, ni tiki zilizopunguzwa, si fedha zilizoongezwa. "Karani, hebu ziangalie tena hizo hesabu," ndivyo ilivyosemwa, kwa upole, bila mtu yeyote kutamka kuiba. Mwenye shamba hakuwepo na pengine hakujua. Dhuluma ilikuwa imegawanywa vipande vidogo vidogo, kila mmoja wetu akabeba kipande asichokiona kizito.

Wazee waliokwenda kwenye mashamba ya walowezi enzi za ukoloni wangeutambua mchezo huo mara moja. Wao walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ikiwekewa alama kazi ikiisha. Mnyapara akikataa kuweka alama, jasho la siku hiyo limepotea. Walowezi waliondoka, alama ikahamia kwenye daftari langu.

Kisha kuna karatasi ya malipo. Watu walisaini kwanza, wakahesabu noti baadaye, na tarakimu zilikuwa za penseli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakataza waziwazi mwajiri kumtaka mfanyakazi akiri kupokea kiasi kikubwa kuliko alichopewa. Tena inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo gani. Shauri likifika mbele na maandishi hayo hayapo, mzigo wa kuthibitisha yaliyokubaliwa unamwangukia mwajiri. Wengi wanaokuja kwangu wanaamini kinyume chake: kwamba asiye na karatasi hana neno la kusema. Hilo kosa limewaneemesha matajiri wengi.

Dawa niliiona kwa mama mmoja mchumaji. Kurasa za nyuma za daftari la hesabu la mwanawe zilikuwa na tarehe, idadi ya madebe na jina la mnyapara aliyepokea, kila siku ya msimu, kwa kalamu ya wino. Siku ya malipo alikuta pungufu. Hakupiga kelele, alifungua daftari mbele ya meza yangu na kuanza kusoma kwa sauti, tarehe baada ya tarehe, foleni ikisikiliza. Alilipwa kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata madaftari ya shule yalikuwa mengi kwenye foleni, na mnyapara akaanza kupima debe kwa adabu.

3. "Wewe ni kibarua tu" si sheria

Neno hilo hutumika kufunga mjadala: hakuna likizo, hakuna notisi, hakuna chochote. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inaangalia kazi yenyewe. Ukipangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kufanya, ukipewa vifaa na mwenye kazi, ukimtegemea yeye kwa riziki, au ukimfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, moja tu kati ya hayo linatosha kukuhesabu mwajiriwa mpaka mwenye kazi athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Kibarua wa vitunguu anazimaliza kwa wiki.

Ninakoshindwa kutoa jibu rahisi ni kwa vijana wa bodaboda wa "mkataba", wanaopeleka hesabu kila siku ili mwishowe pikipiki iwe yao. Kwenye maneno ni wanunuzi. Kwenye maisha wanafokewa, wanapangiwa, na wakiugua mwezi wa kumi na moja wa mkataba pikipiki inanyang'anywa na yote waliyolipa yanageuka kodi. Kwao nasisitiza risiti, na mashahidi siku ya kukabidhiana.

4. Makato yana mipaka

Glasi imevunjika, mbuzi amepotea, jembe halionekani: mshahara mzima umekwenda. Hapana. Mfanyakazi apewe kwanza nafasi ya kujieleza, akubali deni kwa maandishi, na makato ya kufidia hasara yasizidi robo ya mshahara. Anayekatwa NSSF naye asitosheke na kuona makato kwenye karatasi. Aulize kwenye mfuko wenyewe kama michango imefika. Nimeona miaka ya makato ambayo hayakuwahi kutoka kwenye droo ya mwajiri.

5. Wazee wana nafasi yao, lakini kalenda haiwasubiri

Ugomvi wa kwetu hupanda ngazi: familia, wazee, mzee wa kanisa, mtendaji wa kijiji. Utaratibu huu umetuepusha na mengi na siudharau hata kidogo. Tatizo ni siku. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ina siku 60.

Dereva wa trekta mmoja, jamaa yetu aliyekuwa akilima ngano upande wa Hanang, aliachishwa kwa neno la mdomo baada ya kubishana juu ya malipo ya saa za ziada. Wazee wakamwita tajiri. Tajiri akajibu kwa heshima kubwa: atakuja, ila mavuno yaishe. Mavuno yakaisha, akaja, akanywa chai, akashika mikono ya watu, akaahidi. Wazee wakaridhika. Jamaa alipogundua kwamba ahadi ndiyo malipo yenyewe, siku 30 zilikuwa zimepita zamani. Akalazimika kuomba kuongezewa muda, na huko unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa. "Tulikuwa bado tunaongea" haikumsaidia.

Tangu hapo ushauri wangu ni mmoja: nenda kotekote. Jaza fomu ya CMA wiki ya kwanza, kisha kaeni na wazee kwa kadiri mnavyotaka. Kwa mtu wa Daudi gharama kubwa ni kushuka mlima wa Magara hadi Babati na pengine kulala huko. Kufungua mgogoro hakulipiwi. Na shauri haliendi moja kwa moja kwenye kuhukumiana. Linaanza kwa msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kuwakalisha pamoja, na matajiri wengi hulipa hapo. Nilipoeleza hivyo kwenye kikao, mzee mmoja aliuliza: "Kwa hiyo na wao wanaanza kwa kupatanisha?" Baada ya swali hilo kikao kilikuwa chepesi.

6. Mwezi wa sita una hila yake

Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Ndiyo maana wapo wanaoachishwa mwezi wa tano na kuitwa tena baada ya wiki mbili. Lakini mshahara wa siku ulizofanya ni wako hata ukiwa umefanya siku moja. Usikubali mambo hayo mawili yachanganywe.

7. Na sisi ni waajiri

Hili halipendwi. Tunawalaumu watu wa Arusha, halafu kwenye maboma yetu kuna kijana wa kuchunga aliyeahidiwa ndama mwaka ukiisha. Wengine ni watoto ambao wangepaswa kuwa darasani. Mwaka unaisha, ndama anasogezwa mbele. Ukame ukipiga, kijana ataambiwa kwamba ndama aliyekufa ndiye aliyekuwa wake.

Nilipomchukua kijana wa kuchunga, mtu mzima, tuliandika madaftari mawili mbele ya baba yake: fedha ya kila mwezi, Jumapili yake ya mapumziko, na juu ya hayo mtamba mmoja, rangi yake, mama yake ni ng'ombe yupi, atakabidhiwa mwezi gani. Baba akauliza kwa nini tuandike mpaka rangi. Nikamwambia, mzee, ng'ombe asiyeandikwa rangi ndiye huwa anakufa. Alicheka, kisha akaniomba niongeze na baka jeupe la tumboni.

Jirani yangu anasema ninawaharibia vijana. Inawezekana, kwa upande wake. Msimu huu vijana wawili wamemwomba awaandikie, na mmoja alikuja na kalamu yake mwenyewe.