Jaribu Kompyuta Kabla ya Kulipa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta mpakato nyingi zilizotumika, zisizokidhi masharti ya Windows 11, bado zaweza kufanya kazi vizuri kwa mfumo endeshi huria kama Linux Mint, usio na ada ya leseni.

Hata hivyo, mnunuzi anayeshuka Same kutoka Chome au Vudee akumbuke kuwa kasoro itakayogunduliwa nyumbani itamgharimu nauli nyingine. Nenda dukani na flashi yenye mfumo huo. Huwashwa kutoka humo bila kufuta chochote kilichomo kwenye kompyuta. Kisha hakikisha kuwa:

1. Prosesa ni ya biti 64, na kumbukumbu (RAM) haipungui gigabaiti 4.
2. Wi-Fi, sauti na kibodi vinafanya kazi.
3. Kompyuta haizimiki chaja ikichomolewa.
4. Hakuna neno la siri la mmiliki wa awali linalozuia kuwasha kwa flashi.

Muuzaji akikataa jaribio hilo, usilipe. Ukinunua, dai risiti ya EFD na masharti ya dhamana kwa maandishi. Ndiyo ushahidi wako endapo utalazimika kulalamika.