Bitiruti Haiongezi Damu: Majibu kwa Wajawazito na Wanaotafuta Mtoto

Barua ni nyingi; nimeanza na zinazonikosesha usingizi. Kwamba mjamzito ale mboga na matunda, hilo mnalijua.

*Tumeoana juzi, tunataka mtoto. Vidonge nianze lini?*

Leo, mwanangu. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji, na mfereji huo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge. Wakati huo wengi hata hawajashtuka kwamba wamechelewa kuona siku zao. Anayengoja tumbo lionekane ndipo aende kliniki amekosa kinga ya mgongo wazi. Meza foliki asidi maikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Kama umewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, muone daktari kwanza. Dozi yako ni kubwa zaidi. Wala usitegemee ugali: kanuni za nchi zinawataka wenye viwanda vikubwa waongeze virutubishi kwenye unga, lakini mahindi yako uliyosaga mashine ya kijijini hayaongezwi kitu.

*Bitiruti, juisi ya rosela, maji ya matembele: kipi kinaongeza damu upesi? (Barua kadhaa, Bungu, Soni na Mombo)*

Hakuna. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu. Damu hutengenezwa kwa madini ya chuma, na gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu moja. Maharage yaliyopikwa yana kama mara mbili ya hapo. Bitiruti ileni, ni mboga nzuri, msiifanye dawa. Napokea wajawazito walioishi kwa juisi nyekundu huku vidonge vya chuma vya kliniki vimelala kabatini, na damu iko chini ya gramu 8 kwa desilita. Mjamzito akishuka chini ya 11 tayari ana upungufu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, wengi kabla hata ya mimba.

Sasa jambo ambalo Usambara hatupendi kulisikia: chai. Tunaishi kati ya mashamba ya Ambangulu na Mponde, na sahani ya maharage haiendi bila kikombe cha chai ya rangi. Chai ikinywewa na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha maharage na mboga kisiingie mwilini. Ingoje saa moja au mbili. Wakati wa kula, menya chungwa la Muheza au kamulia limau kwenye mnavu. Vitamini C hufanya kinyume cha chai. Dagaa kidogo ndani ya maharage husaidia pia. Na vidonge vya chuma mmeze hata choo kikiwa cheusi, si sumu. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku pamoja na chakula kidogo.

*Mama mkwe amenikataza mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele.*

Kula mayai. Yaive vizuri.

*Nipunguze kula mtoto awe mdogo, nijifungue kirahisi?*

Barua hii imeniogopesha kuliko zote. Mtoto wa chini ya kilo 2.5 hushindwa kutunza joto, na baridi yetu ya Julai mnaijua. Mama aliyejinyima naye huingia leba hana nguvu wala damu ya akiba. Kuanzia mwezi wa nne ongeza mlo mdogo mmoja kila siku. Anayekushauri upunguze, njoo naye kliniki.

*Natamani sana udongo.*

Kapime damu. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu, na udongo huzidi kuzuia chuma.

*Mwaka wa pili sijashika mimba. Gulioni wanauza dawa ya kusafisha kizazi.*

Kizazi hakisafishwi kwa chupa. Anayekuuzia bila kukupima anakuibia fedha, na kibaya zaidi, anakuibia miezi. Mkitafuta mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita ukiwa na miaka 35 na zaidi, nendeni hospitali. Nendeni wawili: katika hadi nusu ya ndoa za namna hii, tatizo liko pia kwa mwanamume. Katika barua zote hizi hakuna mume aliyeuliza yeye ale nini. Aache sigara, aache pombe ya miwa, ale maharage na mboga zile zile, na apimwe mbegu siku hiyo hiyo unayopimwa wewe.