Somo la Afya na Michezo: Mpango wa Wiki 16 wa Kujiandaa kwa Marathoni

Tangu mwaka 2003, mji wa Moshi hupokea wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wakazi wengi wa kata hujiandikisha kwa ari kubwa, lakini ari peke yake haimfikishi mtu mwisho wa kilomita 42.195. Mifupa na kano huchelewa kuimarika kuliko moyo na mapafu. Kwa sababu hiyo, mkimbiaji mpya hujiona ana pumzi ya kutosha baada ya wiki chache, ilhali miguu yake bado haijawa tayari. Akiongeza mwendo kwa kuiamini pumzi, huumia. Mpango ulioandikwa humkinga na pupa hiyo.

Kabla ya kuanza

Mpango huu unamfaa mtu anayeweza kukimbia dakika 40 mfululizo. Asiyefikia kiwango hicho aanze na mbio za kilomita 5, kisha kilomita 21. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, pamoja na mtu wa makamo ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, apimwe kwanza katika zahanati au kituo cha afya. Aliyewahi kuzimia au kubanwa na kifua wakati wa mazoezi asianze mpaka aonwe na daktari.

Ratiba ya wiki

Siku za kukimbia ni nne. Jumanne na Jumamosi ni mbio fupi za polepole, kilomita 5 hadi 8. Alhamisi ni siku ya kupanda mlima au kuongeza kasi kwa vipindi vifupi. Maandalizi ya milima ni muhimu, kwani njia ya mashindano ya Moshi hupanda kuelekea Mweka. Jumapili ni siku ya mbio ndefu. Siku tatu zilizobaki ni za mapumziko, na mapumziko ni sehemu ya mazoezi, kwa kuwa ndipo mwili unapojijenga.

Mbio ndefu za Jumapili zipangwe hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 4: kilomita 10, 12, 14, kisha 10.
Wiki ya 5 hadi ya 8: kilomita 16, 18, 20, kisha 14.
Wiki ya 9 hadi ya 13: kilomita 22, 25, 28, 18, kisha 30.
Wiki ya 14 na ya 15: kilomita 20, kisha 12.
Wiki ya 16: siku ya mashindano.

Mbio ndefu hukimbiwa kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Wiki za mwisho hupunguzwa makusudi ili uchovu uishe. Anayejaribu kufidia wakati huo mazoezi aliyoyakosa hufika kwenye mstari akiwa amekwisha kuchoka.

Chakula na maji

Akiba ya wanga mwilini huelekea kwisha karibu na kilomita ya 30, na hapo miguu huwa mizito ghafla. Ugali, wali, viazi na ndizi siku moja au mbili kabla ya mashindano hujaza akiba hiyo. Chakula cha asubuhi kijaribiwe katika mbio za Jumapili, kisibuniwe siku ya mashindano. Maji yanywewe kwa kufuata kiu. Kunywa kupita kiasi hupunguza kiwango cha chumvi katika damu na kunaweza kuua.

Ishara za hatari

Uchovu wa misuli ya miguu yote miwili ni jambo la kawaida. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi kila hatua, ni ishara ya kusimama na kwenda kituo cha afya. Mwenye homa asikimbie. Aliyetibiwa malaria arudi taratibu baada ya kupona kabisa.

Barabarani

Mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, mkimbiaji akae upande unaomwezesha kuyaona magari na bodaboda yakija mbele yake. Alfajiri avae nguo za rangi inayoonekana.

Subira

Mwaka 2025, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya riadha ya dunia huko Tokyo. Alimpita mpinzani wake katika hatua za mwisho kabisa, na wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Nguvu ya mwisho ni ile iliyotunzwa mwanzoni. Kila mkazi aandike mazoezi yake katika daftari, na siku iliyokosekana aiache ipite.