Iterbiamu na Ganda la 4f: Tabia za Elementi ya 70 na Tatizo la Istilahi "Ardhi Adimu"

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayekutana na istilahi "ardhi adimu" katika matini ya kemia ya Kiswahili atadhani kuwa pana udongo wa aina fulani usiopatikana kwa urahisi. Hana kosa, kwani hivyo ndivyo maneno yenyewe yanavyosema. Makala haya yanachunguza elementi moja ya kundi hilo, yaani iterbiamu (Yb), yenye namba atomia 70. Hoja yetu ni kwamba tabia zake muhimu, kuanzia wepesi wa metali yake hadi matumizi yake katika saa za atomi, zina mzizi mmoja: namna elektroni zinavyolijaza ganda dogo liitwalo 4f. Istilahi ya Kiswahili isiyomwelekeza msomaji huko humwachia mzigo wa kufuta maana kabla ya kujifunza maana.

2.0 Kijiji, jiwe na majina manne

Ytterby ni kijiji katika kisiwa cha Resarö, karibu na Stockholm, Sweden. Palikuwa na machimbo ya felspa, jiwe linalotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Mwaka 1787 afisa wa jeshi, Carl Axel Arrhenius, aliokota hapo jiwe jeusi lililo zito kuliko kawaida. Mwaka 1794 Johan Gadolin, mwanakemia wa Finland, alieleza kuwa ndani yake mna "ardhi" mpya. Katika lugha ya wanakemia wa karne ile, ardhi ilikuwa oksidi inayostahimili moto na isiyoyeyuka majini kwa wepesi. Maana hiyo haimo kabisa katika neno letu ardhi, lililokuja kwetu kutoka Kiarabu likiwa na maana ya nchi kavu na udongo wake. Tumetafsiri neno, dhana tukaiacha nyuma.

Mwaka 1878 Jean Charles Galissard de Marignac, huko Geneva, alitenga oksidi nyeupe aliyoiita ytterbia. Kumbe nayo ilikuwa mchanganyiko. Mwaka 1907 Georges Urbain wa Paris aliigawa katika elementi mbili, iterbiamu na lutetiamu. Carl Auer von Welsbach wa Austria alifikia matokeo hayo hayo kwa njia yake, akapendekeza majina aldebaranium na cassiopeium. Mwaka 1909 tume ya kimataifa ya uzito wa atomi ilimpa Urbain haki ya utangulizi.

Kijiji hicho kimezaa majina manne: itriamu, erbiamu, terbiamu na iterbiamu. Yakitoholewa kwa Kiswahili, matatu ya mwisho hutofautiana kwa sauti moja moja: erbiamu ikiongezewa /t/ huwa terbiamu, nayo terbiamu ikiongezewa /i/ huwa iterbiamu. Kosa dogo la mpiga chapa hubadili elementi, wala si tahajia tu. Kuanza na "y", kama wafanyavyo baadhi ya waandishi, hakusaidii, maana y ya Kiswahili ni konsonanti na "yt" si mfuatano wa silabi zetu. Tunapendekeza alama ya kemia iandamane na jina kila linapotajwa mara ya kwanza.

Ama kuhusu "adimu", jambo lenyewe ni fupi. Gamba la dunia lina iterbiamu takriban sehemu 3 kwa milioni, ilhali fedha haifikii hata sehemu 0.1. Kinachoadimika ni mahali ilikokusanyika kwa wingi wa kuchimbika, na njia rahisi ya kuitenga na jirani zake. Hata Ngualla, mkoani Songwe, penye mashapo makubwa ya lanthanidi, wingi ni wa zile nyepesi kama neodimiamu. Iterbiamu ni kidogo.

3.0 Ganda lililojaa

Katika lanthanidi, elektroni huongezeka katika ganda dogo 4f, lililofichika ndani ya atomi. Ganda hilo hubeba elektroni 14. Katika metali, nyingi za lanthanidi hutoa elektroni tatu kwa atomi ili kuunda muungano. Iterbiamu hutoa mbili tu, zile za ganda la nje 6s, kwa kuwa 4f yake imejaa na haitoi ya tatu kwa wepesi.

Matokeo yake yanaonekana hata kwenye mizani. Densiti ya thuliamu, jirani wa kushoto, ni gramu 9.3 kwa sentimita ya ujazo. Ya lutetiamu, jirani wa kulia, ni 9.8. Ya iterbiamu ni 7.0. Thuliamu huyeyuka katika nyuzi 1545 za Selsiasi na lutetiamu katika nyuzi zaidi ya 1650, lakini iterbiamu huyeyuka katika nyuzi 824 na kuchemka katika 1196. Udhaifu huu ndio uliowawezesha wanakemia mwaka 1953 kupata metali iliyo safi kwa mara ya kwanza: oksidi hupashwa moto pamoja na metali ya lanthanamu katika ombwe, iterbiamu ikageuka mvuke na kuganda kando. Vilevile huyeyuka katika amonia kimiminika na kutoa rangi ya buluu, kama ifanyavyo kalisiamu. Inaelekea kwamba kwa tabia hii iterbiamu ni ndugu wa kalisiamu kuliko wa lutetiamu.

Mgandamizo huvuruga hali hiyo. Ukinzani wake wa umeme hupanda kadiri kani inavyoongezeka, ukafikia mara kumi hivi ya ule wa kawaida. Kisha, karibu na angahewa 40,000, mpangilio wa fuwele hubadilika na ukinzani ukaporomoka ghafla.

Katika kampaundi, hata hivyo, ayoni ya kawaida ni Yb³⁺, si Yb²⁺. Msomaji ataona ukinzani na tuliyosema. Jibu ni hesabu ya nishati: ayoni ndogo yenye chaji tatu huvutwa kwa nguvu zaidi na maji au na oksijeni inayoizunguka, na nishati inayopatikana hulipia gharama ya kung'oa elektroni ya tatu. Ndiyo maana Yb²⁺ ikiwa majini huyapa maji elektroni, haidrojeni ikatoka, nayo ikawa Yb³⁺.

4.0 Nafasi moja iliyo wazi

Yb³⁺ ina elektroni 13 katika 4f, yaani pengo moja. Pengo moja hutoa viwango viwili tu vya nishati katika ganda hilo. Ayoni nyingine za kundi hili zina ngazi yenye vidato vingi, ambamo nishati hupotea njiani. Hii ina kidato kimoja cha kupanda na kushuka. Hufyonza mwanga wa nanomita 976 na kuutoa kwenye takriban 1030, hivyo asilimia 5 tu hivi ya nishati ya kila fotoni hubaki kuwa joto. Leza za nyuzi za kioo zilizotiwa iterbiamu, zinazokata chuma viwandani, zinategemea tofauti hii ndogo.

5.0 Saa ya atomi

Katika saa hutumika atomi isiyo na chaji, hasa isotopu 171. Maelfu ya atomi hupozwa na kunaswa katika kimia cha mwanga wa leza, kisha huangazwa kwa mwanga wa manjano wa nanomita 578. Elektroni mbili za nje ndizo zinazohusika. 4f iliyojaa hubaki imetulia. Mpito huo karibu umekatazwa na kanuni za kwanta, na katika isotopu 171 spini ya kiini huufungulia mlango mwembamba. Kwa sababu hiyo mstari wake ni mwembamba mno, wenye masafa ya zaidi ya trilioni 518 kwa sekunde, yakilinganishwa na bilioni 9.19 za siziamu iliyofasili sekunde mwaka 1967.

Hapa istilahi inatukwaza tena. Mwaka 2013 watafiti wa Boulder, Colorado, walitangaza kuwa saa zao mbili za iterbiamu zilitofautiana kwa kiasi cha 1.6 kwa 10⁻¹⁸ tu baada ya vipimo vya saa kadhaa. Huo ni uthabiti: mapigo hayayumbi. Mwaka 2018 walitangaza mashaka ya 1.4 kwa 10⁻¹⁸, nao huo ni usahihi: mapigo yanajulikana yako mbali kiasi gani na masafa halisi ya atomi. Saa iliyo thabiti yaweza kukosea daima kwa kiasi kile kile. Mwandishi wa Kiswahili anayeyaita yote mawili "usahihi" huwa amefuta kazi ya miaka mitano. Na si jambo la vitabuni tu, kwa kuwa saa ikiinuliwa sentimita moja kutoka usawa wa dunia huenda mbio zaidi kwa kiasi cha 10⁻¹⁸ hivi. Anayetaka kupima kimo cha mlima kwa njia hiyo lazima ajue ni lipi kati ya mambo hayo mawili saa yake inalo.