Dondoo muhimu: Ngozi iliyoharibiwa na jua, uanze na tiba ipi?

Kati ya tiba zote za madoa na mikunjo inayoletwa na jua, anza na ile ya bei nafuu: losheni ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi. Utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusisha watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kila siku ngozi zao hazikuonekana kuzeeka zaidi. Wapo wasemao ngozi nyeusi haihitaji kinga. Ni kweli melanini husaidia, lakini haizuii madoa, na hata mwanga wa kawaida huyakoleza. Ndiyo maana losheni ya rangi, yenye oksidi ya chuma inayozuia mwanga huo, huwafaa zaidi wenye madoa.

Hatua ya pili ni krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A: kiasi cha punje moja ya njegere usiku, kwa miezi kadhaa, ila si kwa mjamzito. Utaambiwa leza, au kubambua tabaka la juu la ngozi kwa asidi, huleta matokeo haraka. Huleta kweli, lakini joto na mwasho wake huweza kuiachia ngozi nyeusi madoa mabaya kuliko ya awali. Tiba hizo mwachie daktari wa ngozi aliyezoea kutibu ngozi kama yako. Krimu zenye zebaki ziepuke kabisa, maana huharibu figo. Na ukiwa na kidonda kisichopona au doa linalobadilika, usikimbilie urembo: nenda hospitali ukapimwe kwanza.