Kagua Plau Kabla Haijapakwa Rangi

Mvua za vuli zikikaribia, mafundi wa welding wa Nyakato na Buswelu, Mwanza, hujaa kazi: plau na mikokoteni ya ng'ombe. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Rangi inang'aa, unalipa, unapakia kwenye guta. Ukifika shambani Sangabuye, plau inagonga jiwe, welding inaachia. Na mawe Mwanza hayakosekani.

Mpe fundi sharti kabla hajawasha mashine: asipake rangi mpaka uone kazi. Rangi huficha ufa. Grinda nayo huficha. Mshono wa welding uliosagwa hadi ukalainika huenda umebaki mwembamba.

Chukua brashi ya waya, ondoa ganda lote, tazama mchana kweupe. Mshono mzuri una mawimbi yanayofuatana kama magamba ya sato, na upana wake ni mmoja mwanzo hadi mwisho.

Ukishapoa, pitisha ukucha pembeni yake. Ukikwama kwenye kamfereji, moto ulizidi au fundi alikuwa na haraka, akala chuma chenyewe. Welding iliyovimba na kukaa juu tu bila kuingia pembeni haijashika. Vitundu? Chuma kilikuwa na kutu au mafuta, au rodi zimenyonya unyevu. Rodi zinazolala wazi kibandani zikatae mapema.

Sasa ufa, na hapa usiwe na haraka. Anza mwisho wa mshono, pale fundi alipoinua rodi. Pakibaki kashimo, nyufa hupenda kuanzia hapo. Ukiwa na wasiwasi, paka mafuta ya taa, subiri kama dakika 15, futa mpaka pakauke kabisa, kisha sugua chaki. Penye ufa, mafuta yatapanda na kuchora mstari kwenye weupe wa chaki. Kugonga kwa nyundo pekee hakutoshi, hata fundi akikusifia mlio.

Geuza plau, uone upande wa pili. Mhimili unapoungana na mwili wa plau, au ekseli inapokaa kwenye mkokoteni, usikubali vidoti vidoti. Taka mshono kamili. Kwenye mikono ya kushikia huna haja ya kumsumbua fundi sana.

Bapa linalokata udongo limefungwa kwa bolti. Likiisha, nunua jingine badala ya kulichomelea. Chuma chake ni kigumu, na moto wa welding hukifanya kipasuke kirahisi pembeni ya mshono.

Ukikuta ufa, usiruhusu fundi apitishe rodi juu yake. Aukwangue kwa grinda mpaka uishe, ndipo achomelee upya. Bakiza sehemu ya malipo hadi afanye hivyo.